Hezi 144 Mezani, 60 Machoni

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, kwenye chumba kidogo si mbali na Barabara ya Moi hapa Nakuru, na gemu nacheza jioni kama watu wengine. Lakini ukishamsaidia kijana mmoja kuchagua monita, binamu yake atakuja, kisha mwenzake wa chuo kule Njoro, kisha mtu usiyemjua kabisa atakupigia simu Jumamosi asubuhi akiwa tayari amesimama dukani. "Kaka, nimeambiwa unajua hizi vitu. Nichukue ya ngapi?"

Anauliza hezi. Mbele yake kuna sanduku la 144, la 165, la 180 na la 240, na muuzaji amemwegemea begani. Mimi humrudishia swali: kompyuta yako inatoa fremu, yaani picha, ngapi kwa sekunde? Hapo simu hunyamaza, na kutokana na ule ukimya najua ununuzi utaahirishwa hadi wiki ijayo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayookoa pesa. Hezi ni idadi ya mara ambazo monita huichora picha upya katika sekunde moja. Ya 60Hz hukaa na picha moja kwa milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 16.7 kabla ya kuleta nyingine. Ya 144 hukaa nayo 6.9. Ya 240 hukaa nayo 4.2, na ya 360 hukaa nayo 2.8. Zitoe moja kwa nyingine uone. Kutoka 60 kwenda 144 umepunguza karibu milisekunde 10 kwa kila picha. Kutoka 144 kwenda 240 umepunguza 2.8 tu. Kutoka 240 kwenda 360 ni 1.4. Namba iliyoandikwa sandukuni inapanda kwa kishindo, faida inazidi kusinyaa, na bei haina habari na kusinyaa huko. Kati ya 144 na 165, ile tofauti inayofanya marafiki wanuniane, ni chini ya milisekunde moja.

Hesabu hiyohiyo imenifundisha kuziheshimu monita za ofisi za ex-UK, mitumba ya Uingereza, zile zinazopangwa dukani zikiwa na alama ya gundi pale kibandiko cha kampuni ya zamani kilipobanduliwa. Nyingi ni za 60Hz, lakini baadhi hukubali kusukumwa hadi 70 au 75 ukiziundia mpangilio mpya kupitia programu ya kadi ya grafiki. Si zote. Nyingine huzimika na kuandika kwamba mawimbi hayaeleweki, unasubiri kidogo, zinarudi zilipokuwa. Ikikubali 75, kila picha imepungua kwa milisekunde 3.3. Hiyo ni zaidi ya anachopata mtu anayeuza monita yake ya 144 ili anunue ya 240. Na hujatoa hata shilingi. Sisemi 75 inatosha kwa mashindano, haitoshi, ila kijana anayesubiri mkopo wa masomo wa HELB ana kitu cha kushika leo.

Sasa ile tofauti ya 60 na 144, je, jicho linaiona? Linaiona, na huhitaji kuwa bingwa. Nimemweka mama yangu mzazi mbele ya monita mbili, nikazungusha kishale cha kipanya kwenye zote. Akaniambia ya kulia "haichoki". Mama hajawahi kucheza gemu maishani mwake. Kwenye gemu ya risasi tofauti hiyo hutokea pale unapogeuka ghafla: kwenye 60, adui anayekatiza mlango unamwona kama picha chache zilizoachana, na wewe unakisia alipo katikati yake. Kwenye 144 unamfuata. Ukungu nao hupungua. Kitu kinachokimbia pikseli 1,000 (zile nukta ndogo zinazounda picha) kwa sekunde huacha ukungu wa upana wa pikseli 17 hivi kwenye monita ya kawaida ya 60, na kama 7 kwenye ya 144, hata kama pikseli zenyewe zingekuwa zinabadilika papo hapo. Hiyo ni kwa sababu picha inakaa imesimama huku jicho lako likiendelea kusonga.

Lakini yote hayo ni iwapo monita inachora 144 kweli. Hapa ndipo kwenye utajiri wa vituko.

Kijana mmoja wa Lanet aliniletea malalamiko kwamba hizi namba ni uongo wa wazungu. Amenunua monita mpya ya 144, ameitumia muda, haoni chochote. Nikafungua mipangilio ya Windows, upande wa mfumo, kisha skrini, kisha mipangilio ya kina ya skrini. Imeandikwa 60. Windows ina tabia hiyo: unachomeka monita ya 144 na mara nyingi inaiacha kwenye 60 mpaka mwenyewe uibadilishe. Nikabofya 144, nikasogeza dirisha moja kutoka kushoto kwenda kulia. Kijana alitazama skrini, akanitazama mimi, akatazama skrini tena. Akasema, "Kumbe." Basi. Nilimtoza pesa ya soda.

Tangu siku hiyo hilo ndilo jambo la kwanza ninaloangalia, na ningeweza kufungua duka kwa watu niliowakuta hapo. La pili ni waya umechomekwa wapi. Mtu ana kadi nzuri ya grafiki, lakini nyuma ya kompyuta kuna matundu ya picha sehemu mbili: juu, yale ya ubao mkuu, na chini, yale ya kadi yenyewe. Mara nyingi ya juu ndiyo rahisi kufikia, basi huchomeka hapo, na kadi aliyoinunua kwa jasho inakaa inapulizwa na feni bila kazi. La tatu ni waya wenyewe. Muuzaji mmoja wa Nairobi alimwambia mteja wangu kwamba HDMI ni HDMI tu. Hapana. Toleo la HDMI 1.4 linakomea karibu na 120 kwenye picha ya 1080p, ile ya Full HD, na monita nyingine za bei ya chini zimewekewa tundu la HDMI linaloishia hapo au chini yake, ilhali tundu la DisplayPort la monita hiyohiyo linafika 165. HDMI 2.0 inabeba 240 kwa 1080p na 144 kwa 1440p, ile yenye pikseli nyingi zaidi. Kwa hiyo kama kompyuta na monita zote zina DisplayPort, tumia hiyo na uache kujiuliza. Zile adapta ndogo za kugeuza VGA kuwa HDMI, ambazo kila duka la simu linauza, ziache kwa projekta ya kanisa.

Nimesema ukimya wa simu huahirisha ununuzi. Wiki hiyo tunayoingoja ndiyo ya kupima kompyuta.

Ama mimi huenda kwa mtu nyumbani, au ananiletea kompyuta yake. Tunafungua gemu anayoicheza, si ile anayotamani kuicheza siku moja, tunawasha kihesabu fremu, na tunacheza mechi nzima. Uwanja wa mazoezi siukubali. Huko hakuna moshi, hakuna mabomu, hakuna watu kumi wanaokimbizana, na namba zinapendeza mno. Wastani pia siutazami sana. Natazama namba inaangukia wapi mambo yanapochacha, kwa sababu hapo ndipo utakapouawa. Kompyuta inayotoa fremu 180 ukiwa umesimama kona peke yako na 65 bomu likilipuka ni kompyuta ya 65.

Monita ya 240 kwenye kompyuta ya namna hiyo ni matatu ya abiria kumi na wanne inayoondoka steji na watatu.

Kujua nini kinaibana kompyuta si kazi ngumu. Shusha rezolusheni na ubora wa michoro hadi chini kabisa. Fremu zikipaa, kadi ya grafiki ndiyo iliyokuwa imelemewa, na unaweza kuishi na michoro ya chini. Wachezaji wengi wa mashindano huishi hivyo kwa hiari. Fremu zikibaki palepale, shida iko kwa prosesa au RAM, na kadi mpya haitakusaidia. Gemu kama Valorant na Counter-Strike 2, zikifika kwenye fremu nyingi, huila prosesa kuliko watu wanavyodhani. Huku kwetu kompyuta nyingi za gemu zilianza maisha kama kompyuta za benki au za shule huko Ulaya, zikaongezewa kadi. Zinakuja na RAM kijiti kimoja. Kijiti cha pili kinacholingana na cha kwanza, kikichomekwa kwenye tundu sahihi ili viwili vifanye kazi sambamba, hupunguza yale maanguko, na kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na monita. Nimewahi kumwambia mteja anunue RAM mwezi huu na monita mwezi ujao. Alinuna. Alinunua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi: namba ya chini ya kompyuta yako kwenye gemu yako ndiyo inayochagua monita. Ikikaa juu ya 100 muda mwingi, chukua 144 au 165 bila kusita. Ikikaa juu ya 200 na una pesa, fikiria 240. Chini ya 80, pesa iende kwenye kompyuta kwanza.

Kuna kitu cha kupatanisha hizo namba mbili pale zisipolingana, na hiki nakipenda. Fremu zikija kwa mwendo wao na monita ikichora kwa mwendo wake, picha hukatika katikati: kichwa cha adui kiko hapa, kiwiliwili kimesogea pale. Teknolojia ya kuifanya monita iisubiri kadi ilianza na G-Sync ya NVIDIA mwaka 2013, AMD ikafuata na FreeSync mwaka 2015. Kwa muda mtu mwenye kadi ya NVIDIA alilazimika kununua monita ghali yenye kifaa maalumu ndani, hadi Januari 2019 NVIDIA ilipokubali kadi zake zifanye kazi na monita za mfumo wa kawaida. Siku hizi karibu kila monita ya gemu inayo, ila lazima uiwashe sehemu mbili, kwenye menyu ya monita na kwenye programu ya kadi. Kisha weka kikomo cha fremu kidogo chini ya hezi zako. Kwenye 144 mimi huweka 141. Wapo wanaoizima kabisa wakisema inachelewesha risasi. Nimejaribu kwa namna zote na kwenye kompyuta zetu zinazopanda na kushuka, nachagua kuiacha imewashwa.

Upande wa PlayStation ni dunia nyingine, na niliuelewa vizuri nilipoitwa Kisumu.

Mama mmoja ana duka la PS maeneo ya Kondele, vijana wanalipa kwa mechi, FC, gemu ya mpira, kutoka asubuhi hadi usiku na Tekken, ya kupigana, pale watu wakichoka mpira. Aliniambia kwa simu, "Mwanangu, hawa watoto wananimaliza. Wanasema kwa jirani mpira unatii, kwangu unachelewa." Muuzaji alikuwa ameshampa bei ya monita kadhaa za 165Hz. Alitaka tu nije nimhakikishie kabla hajalipa.

Shikamoo, chai, mkate wa kupaka siagi, kisha tukaingia kazini. PlayStation 4 haitoi zaidi ya 60. Mashine zake nyingi zilikuwa hizo, na ungezichomeka kwenye monita ya 500Hz zingekaa kwenye 60 zao. Alikuwa na PlayStation 5 moja, ambayo inaweza 120, ila gemu yenyewe lazima ikubali, na FC kwenye PlayStation huchezwa kwa fremu 60. Tekken nayo ni ya fremu 60 kwa maumbile yake, kwa sababu kila pigo limehesabiwa kwa fremu. Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, QueenArrow, amejijengea jina nje ya mipaka kwa gemu hiyo, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba bila mamia ya hezi huwezi kushindana.

Basi kilichokuwa kinachelewa ni nini? Runinga. Alikuwa na runinga za ukutani, zote zikiwa kwenye hali ya sinema, na runinga ikiwa kwenye hali hiyo hupokea picha, huipamba, huiongezea fremu za kubuni kati ya fremu za kweli ili mwendo uwe laini, ndipo ikuonyeshe. Kwa anayetazama habari hakuna tatizo. Kwa anayepiga penalti, kipa ameshalala. Tulipita runinga moja baada ya nyingine tukiwasha hali ya gemu na kuzima mapambo yote ya picha. Kwenye moja hali hiyo ilikuwa imefichwa ndani ya menyu ya tundu la HDMI la kwanza pekee, nasi mashine tulikuwa tumeichomeka la pili. Nikampa padi yule kijana aliyekuwa na kelele kuliko wote. Akacheza kipindi kimoja bila kusema neno, na kule Kondele kijana asiyesema neno wakati wa FC ni ushahidi wa kutosha.

Mama aliokoa pesa ya monita zote. Kwa ile PlayStation 5 nilimwambia akija kununua monita siku za usoni aangalie mambo mawili. Kwanza, mashine hiyo ilianza kukubali picha ya 1440p Septemba 2022, kwa hiyo iwe na programu mpya. Pili, inasubiriana na monita kupitia mfumo wa HDMI wenyewe tu. Monita iliyoandikwa FreeSync peke yake, bila huo wa HDMI, haitasubiriana nayo. Muuzaji hatakuambia hilo. Huenda hajui.

Nirudi kwenye kompyuta, na kwenye neno linalouza monita nyingi kuliko yote: "1 ms", yaani milisekunde moja, kasi ya pikseli kubadilika. Kila sanduku linayo. Limeandikwa kwa herufi kubwa, na halisemi limepimwaje. Nyingine hupima muda wa pikseli kutoka kijivu kimoja hadi kingine, kwa yale mabadiliko yanayoenda haraka kuliko yote. Nyingine hupima muda picha inavyoonekana machoni taa ya nyuma ikimetameta, ambacho ni kitu tofauti kabisa. Siku hizi sisomi namba hiyo. Naangalia aina ya kioo.

Vioo vya TN ni vya haraka, rangi zimepauka, na ukiinuka kidogo kwenye kiti picha inageuka. IPS ilikuwa na sifa ya uvivu zamani, sasa za gemu zina kasi nzuri na rangi nzuri, na ndizo ninazopendekeza. VA ina weusi mzuri mno kwa filamu usiku, lakini zile za bei nafuu zina ugonjwa wa gizani: kitu cheusi kikisogea juu ya kijivu kizito kinaburura mkia kama wino uliopakazwa. Kwenye gemu, gizani ndimo adui anamojificha. Nimeona monita ya VA ya 165Hz ambayo ukiingia kwenye handaki ni afadhali IPS ya 75. Hapo ndipo watu hushangaa, kwa sababu sanduku zote mbili zimeandikwa 1 ms, na ile mbaya ndiyo yenye hezi nyingi.

Dukani jipimie mwenyewe. Beba laptop yenye tundu linalofaa, au mwombe muuzaji akuwashie kompyuta yake. Fungua TestUFO kwenye kivinjari, kile chombo cha angani kinachopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ukifuate kwa macho. Ukiona mkia mweusi nyuma yake, pikseli ni nzito. Ukiona mkia mweupe unaong'aa, pikseli zinasukumwa kupita kiasi. Kwenye menyu ya monita kuna mpangilio wa huo msukumo, kwa kawaida wa ngazi tatu au zaidi, na ngazi ya juu kabisa ndiyo iliyowapa watengenezaji ile namba ya sandukuni. Karibu kila mara ya katikati ndiyo bora. Muuzaji akikataa usijaribu, mwambie asante, tutaonana. Maduka ni mengi.

Kuhusu ukubwa sina mengi. Inchi 24 kwa 1080p, meza ya kawaida, inatosha, na macho yako yanaona pembe zote bila kugeuza shingo. Inchi 27 ni nzuri kwa 1440p, ila 1440p ina pikseli karibu mara 1.8 ya 1080p, na kadi yako ndiyo itakayozibeba. Monita iliyopinda ni mapambo. Angalia stendi inapanda na kushuka. Isipofanya hivyo utaishia kuiweka juu ya vitabu vya KCSE kama sisi wote.

Kuna jambo ambalo hakuna monita italitibu. Ukicheza na seva ya Ulaya kutoka Nakuru, amri yako inasafiri hadi Mombasa, inaingia baharini, inafika huko na kurudi, na njiani zimepotea milisekunde zaidi ya 100. Seva za Afrika Kusini ni afadhali kwa gemu zilizo nazo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini, intaneti ya Afrika Mashariki yote ilidorora, na kuna mtu aliniuliza kwa dhati kama monita yake inaweza kuwa imeshika virusi. Kwa hiyo mtu akiniambia anauawa akiwa ameshajificha nyuma ya ukuta, simuuzii hezi. Namwambia achomeke waya wa mtandao badala ya kutegemea wifi ya chumba cha pili, kisha aangalie ni seva gani gemu imemchagulia. Milisekunde 10 za monita ni zako kweli, unaziona kwa macho na kwa kulenga. Lakini usidhani zitakurudishia 150 zilizozama baharini.

Halafu stima. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ila stima yetu haikualikwa kwenye sherehe. Monita ya inchi 24 haili umeme mwingi, mara nyingi wati 20 hadi 40, kwa hiyo tokeni si tatizo. Kinachoua monita ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kupotea. Kisumu na Kakamega kuna na radi za jioni juu ya hayo. TV guard ya bei ya kawaida, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita, imeokoa vifaa vingi kuliko mimi fundi. Na ukichagua kati ya monita mbili zinazofanana, napendelea ile yenye adapta ya umeme ya nje, kama ya laptop. Ikiungua unabadilisha adapta. Ya ndani ikiungua unaniletea mimi, nafungua, nanusa, natikisa kichwa.

Mpya au mtumba? Kwa monita ya hezi nyingi mtumba siukatai, mradi umeiona ikiwaka kwa zaidi ya nusu saa. Weka picha nyeusi tupu, chumba kikiwa na giza kidogo, uangalie mwanga unaovuja pembeni. Weka nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, ukitafuta pikseli iliyokufa. Ingia kwenye mipangilio uone hezi zote zilizoandikwa zinakubali, si moja tu. Kama unaagiza kutoka Nairobi iletwe na matatu, omba isafirishwe imesimama wima, sanduku likiwa na sponji zake zote, na uifungue palepale ofisi ya mizigo kabla hujatia sahihi. Mteja wangu mmoja alisaini kwanza. Kioo kilikuwa na ufa kona ya chini, na kuanzia hapo kila mtu aliyempigia alikuwa akimwelekeza kwa mwingine.

Mimi natumia ya inchi 24, IPS, 165Hz, na kompyuta yangu inaishibisha kwa gemu ninazocheza. Sanduku lake bado liko juu ya kabati, maana maduka mengine hukataa kupokea monita ya dhamana isipokuwa imerudi ndani ya sanduku lake. Jirani yangu anayefuga vifaranga ameshaliulizia mara kadhaa, na nimemwahidi: dhamana ikiisha, ni lake.